Habari za Risasi Katika Petroli

Neno risasi lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo upesi juu ya moto. Maana ya pili ni kile kipande kidogo kitokacho katika mtutu wa bunduki. Bunduki ina mshindo, na mtu apigwaye nayo hujua kuwa amepigwa. Lakini kwa muda wa miaka karibu 100 risasi iliwafikia wanadamu kwa njia nyingine isiyo na mshindo. Ilitiwa katika petroli, ikachomwa ndani ya injini, ikatoka katika mabomba ya moshi, ikaingia vifuani mwa watu waliokuwa wakienda shuleni, sokoni na mashambani. Hapana aliyesikia kishindo, na kwa hiyo wachache tu waliuliza nani amepigwa.

Habari hii yatuhusu sisi wakazi wa Eldoret kama inavyowahusu watu wa miji mikubwa ya dunia. Tena yawahusu hasa vijana wapendao motokaa za mbio, maana risasi iliingia katika petroli kwa ajili ya mbio na nguvu.

Kwanza na tuelewe kazi yake. Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli, ikauingiza mchanganyiko huo katika silinda. Pistoni hupanda na kuukandamiza. Kisha cheche ya plagi huuwasha, nao moto huisukuma pistoni chini, na magurudumu yakazunguka. Kadiri mchanganyiko unavyokandamizwa zaidi ndivyo nguvu inavyozidi kupatikana katika tone lile lile la petroli. Lakini mkandamizo una mpaka wake. Ukipita kiasi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Hapo injini hugonga kama nyundo juu ya chuma. Injini igongayo hupoteza nguvu, hupata joto kupita kiasi, na mwisho pistoni zake hutoboka. Basi mwanzoni mwa karne ya 20 waundaji wa motokaa walikuwa na shida moja kubwa: wapate wapi petroli isiyogonga?

Jibu lilipatikana Marekani mwezi wa Desemba, mwaka wa 1921. Mhandisi aliyeitwa Thomas Midgley, mtumishi wa kampuni ya General Motors katika mji wa Dayton, aligundua kuwa kiasi kidogo sana cha kemikali yenye risasi kikitiwa katika petroli, injini huacha kugonga. Mwezi wa Februari 1923 petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini humo. Mwezi wa Mei mwaka uo huo motokaa tatu zilizotangulia katika mashindano ya Indianapolis zilikuwa zimeitumia. Hapakuwa na tangazo lililoweza kushinda hilo. Mtu wa kawaida aliona motokaa za mbio zikishinda, naye akataka kununua kilichozishindisha.

Jambo la kuangaliwa sana ni jina la bidhaa hiyo. Wenyewe waliiita Ethyl, wala neno risasi hawakulitaja katika matangazo. Kuficha jina ni dalili ya kujua. Kwa kweli sumu ya risasi ilijulikana tangu zama za kale, na waganga wa Ulaya walikuwa wamekwisha andika juu ya wapaka rangi, wachapaji na wachimba migodi waliodhoofishwa nayo. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo mwaka wa 1923, akalazimika kuacha kazi kwa muda ili apone.

Mwezi wa Oktoba 1924 mambo yalijitokeza hadharani. Katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walishikwa na wazimu. Watano wakafa, na wengine zaidi ya thelathini wakaugua. Midgley aliitisha waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele yao na kuvuta mvuke wake, ili awaonyeshe kuwa haina hatari. Mwezi wa Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano mjini Washington. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya kwamba risasi itokayo katika moshi wa motokaa haiwezi kuzuiwa isiwadhuru watu. Wenye viwanda walijibu kuwa hapana ushahidi wa madhara kwa umma. Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Badala ya mwenye sumu kuambiwa athibitishe usalama wake, umma uliambiwa uthibitishe madhara yake. Uuzaji uliokuwa umesimamishwa ukaanza tena mwaka wa 1926. Uthibitisho ulichukua miaka 50 kupatikana, na katika miaka hiyo petroli hiyo ilienea duniani kote.

Sasa tutazame kwetu. Makaburu walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka wa 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Posta ilifunguliwa katika shamba lililohesabiwa kwa nambari 64, na mpaka leo wazee wengine huuita mji huu kwa nambari hiyo. Mwaka wa 1912 ukapewa jina la Eldoret. Reli ilifika hapa mwaka wa 1924, mwaka ule ule walipokufa wafanyakazi wa Bayway. Hapana mtu wa hapa aliyesikia habari zao. Lakini reli ndiyo iliyorahisisha kuleta mapipa ya petroli, na nyuma ya petroli zikaja motokaa, malori na matrekta ya kulimia ngano na mahindi. Baada ya miaka mingi, yaani mwaka wa 1994, bomba la mafuta litokalo Mombasa kupitia Nairobi lilifikishwa Eldoret, na mji wetu ukawa ghala la mafuta ya magharibi ya Kenya na ya nchi jirani.

Pamoja na petroli yalikuja mapenzi ya mbio. Mwaka wa 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa ya Coronation Safari, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, penye vumbi, matope na mito iliyofurika. Mwaka wa 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza saba tu. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda kwa Volvo, naye alishinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976. Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa Peugeot 404 mwaka wa 1966 na wa 1967. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya mwaka wa 1973 na wa 1982. Watoto wa nchi hizi waliyajua majina hayo kama walivyoyajua majina ya wafalme. Walisimama kando ya barabara wakingoja vumbi, na motokaa ilipopita walishangilia, wakavuta pumzi kwa nguvu. Haikuwa hatia yao wala ya madereva kwamba vumbi na moshi ule ulikuwa na risasi. Petroli ya zama hizo ndivyo ilivyokuwa, nayo motokaa ile haikuwa na chombo chochote cha kusafisha moshi wake.

Je, motokaa za mbio zilihitaji risasi? Swali hili lataka jibu la uangalifu. Zilihitaji petroli isiyogonga, na risasi ilikuwa njia rahisi ya kuipata, lakini haikuwa njia ya pekee. Watafiti wa General Motors wenyewe walijua, kabla ya biashara ya risasi kushika, kuwa pombe ya spiriti ikichanganywa na petroli huzuia kugonga. Tena mafuta yaweza kusafishwa kwa namna bora kiwandani hata yasihitaji risasi. Njia hizo zilikuwa ghali zaidi, au hazikumpa mtu haki ya kuimiliki kemikali peke yake. Risasi ilishinda kwa urahisi wa bei, wala si kwa kukosekana kitu kingine.

Kuhusu Eldoret lipo jambo jingine la kustaajabisha. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa meta 2,100 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi. Wakimbiaji wetu wanalijua jambo hili vizuri: kifua kilichozoea hewa nyepesi hupata nguvu nyingi kikishuka pwani. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa michezo wa mji huu una jina lake, alishinda mbio za meta 1,500 mwaka wa 1968 katika mji wa Mexico, ulio juu kama huu wetu. Injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo. Injini ya kawaida, isiyo na kipulizio cha kusukuma hewa, hupata hewa pungufu katika silinda zake huku juu. Hupoteza yapata sehemu moja katika tano ya nguvu zake, lakini pia mkandamizo wake hupungua. Kwa hiyo injini igongayo Mombasa yaweza isigonge kabisa Eldoret kwa petroli ile ile. Maana yake ni kwamba watu wa nyanda za juu walihitaji dawa ya kuzuia kugonga kwa kiasi kidogo kuliko watu wa pwani, lakini risasi iliwafikia pia. Walitiwa dawa ya ugonjwa ambao injini zao nyingi hazikuwa nao.

Tuendelee kuchunguza. Risasi ikiungua ndani ya injini huacha majivu yagandayo juu ya plagi na valvu. Kwa hiyo watengenezaji walitia kemikali nyingine katika petroli, kazi yake ikiwa kuifanya risasi igeuke mvuke na kutoka pamoja na moshi. Fikiri vema juu ya jambo hilo. Chuma kiliwekewa ulinzi ili risasi isikae ndani yake, na kwa ulinzi ule ule risasi ikatupwa barabarani kwa watu. Injini ilisafishwa kwa kuuchafua mji.

Walioumia kwanza ni wale waliokuwa karibu. Fundi wa gereji alinawa mikono yenye girisi kwa petroli, na alipotaka kuhamisha mafuta kutoka tangi moja hadi jingine, alivuta kwa mdomo katika mpira. Kemikali ile ya risasi hupenya hata katika ngozi. Lakini walioumia zaidi ni watoto wadogo. Mwili wa mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko mwili wa mtu mzima, maana huidhania kuwa ni madini ya chokaa yajengayo mifupa. Huwekwa katika mifupa, na huingia katika ubongo ungali ukijengeka. Mtoto haanguki wala hatoki damu. Huwa tu mzito wa kusoma na mwepesi wa hasira, na mwalimu humdhania kuwa mvivu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hakijulikani kiasi chochote cha risasi katika damu kisicho na madhara.

Nani alifichua jambo hili? Mmoja alikuwa Clair Patterson, mtaalamu wa Marekani aliyetaka kujua umri wa dunia. Alipima risasi iliyomo katika mawe yaliyoanguka kutoka angani, akapata katika miaka ya 1950 kuwa dunia ina umri wa miaka yapata bilioni 4.55. Katika kazi hiyo alisumbuliwa na risasi iliyokuwa kila mahali, katika vyombo vyake, katika maji na hata katika vumbi la chumba. Akauliza yatoka wapi. Mwaka wa 1965 alitangaza kuwa risasi iliyomo katika miili ya watu wa viwanda imezidi mno kiasi cha asili, na baadaye barafu ya kale ya Greenland ilishuhudia vivyo hivyo. Wenye biashara walimpinga. Mwaka wa 1979 daktari Herbert Needleman alichunguza meno ya watoto, akaonyesha kuwa wenye risasi nyingi katika meno walikuwa nyuma katika akili na masomo. Ushahidi ulioombwa mwaka wa 1925 ulikuwa umepatikana, lakini ulipatikana ndani ya vinywa vya watoto.

Hata hivyo kilichoitoa risasi upesi katika nchi tajiri hakikuwa huruma peke yake. Miji ilikuwa imejaa moshi wa aina nyingine, na sheria ya Marekani ya mwaka wa 1970 iliwalazimisha waundaji wa motokaa kuupunguza. Kuanzia motokaa za mwaka wa 1975 kilifungwa katika bomba la moshi chombo kiitwacho katalitiki. Ndani yake mna matundu madogo mengi kama sega la nyuki, yaliyopakwa madini ya thamani kama platini. Moshi wenye sumu ukipita humo hugeuzwa kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Lakini risasi huyafunika madini hayo na kuua kazi yake. Kwa hiyo chombo cha kusafisha moshi hakikuweza kukaa pamoja na petroli yenye risasi, ikabidi risasi iondoke. Matokeo yalionekana upesi. Kati ya miaka ya 1976 hadi 1980 na ile ya 1988 hadi 1991, wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 katika desilita hadi 2.8.

Afrika iliachwa nyuma. Kwetu motokaa zilizokwisha tumika Japani zilianza kuletwa kwa wingi, nyingi zikiwa na katalitiki. Zilipotiwa petroli yenye risasi, vyombo hivyo viliharibika, na motokaa iliyoundwa kuwa safi ikawa chafu kama zile za zamani.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaazimia kuiondoa risasi kabisa. Mwaka wa 2002, katika mkutano wa dunia uliofanyika Johannesburg, uliundwa umoja wa serikali, makampuni na vyama vya raia kwa kazi hiyo, ukiongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Nchi za eneo letu ziliweka mwisho kuwa tarehe 1 Januari 2006, nazo zilitimiza ahadi, Kenya ikiwa miongoni mwao. Afrika kusini mwa Sahara, iliyodhaniwa kuwa haina uwezo, ilifanya kazi hiyo kwa miaka isiyozidi mitano. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli hiyo kwa motokaa ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021. Shirika hilo limekadiria kuwa kuondolewa kwa risasi kumeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Wakati ule wenye motokaa za zamani walikuwa na hofu. Walisema injini zitakufa, kwa kuwa risasi ilikuwa ikilainisha vikalio vya valvu. Hofu hiyo ilikuwa na ukweli kidogo. Injini ya zamani yenye vikalio vya chuma laini, ikikimbizwa mwendo mkali kwa muda mrefu bila risasi, huliwa vikalio vyake. Lakini fundi aweza kutia vikalio vya chuma kigumu, na kazi ikaisha. Ushahidi uko machoni petu. Tangu mwaka wa 2003 yamekuwa yakifanywa mashindano ya East African Safari Classic, ambamo motokaa za kale, kama Datsun, Escort na Porsche, hukimbia tena katika barabara za Afrika Mashariki. Na Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, Naivasha ikiwa kitovu chake. Vumbi ni lile lile, na shangwe ni ile ile. Risasi imeondoka, wala mbio hazikupungua.

Lakini haifai kulala. Huko Marekani sheria iliyokataza petroli yenye risasi barabarani kuanzia mwaka wa 1996 iliziacha motokaa za mashindano, na mashindano makubwa ya NASCAR hayakuanza kuiacha mpaka mwaka wa 2007. Ndege ndogo nyingi za injini za pistoni huitumia hata leo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikathibitisha haki yao mwaka wa 2024. Tena wako wenye motokaa wakatao katalitiki na kuitupa au kuiuza kwa ajili ya madini yake, wakidai kuwa motokaa hupata nguvu na sauti nzuri. Wafanyao hivyo hupata nguvu chache sana, na wengine huzilipia kwa vifua vyao.

Vijana, Eldoret ilitangazwa kuwa jiji mwaka wa 2024, na motokaa na pikipiki zake zinaongezeka kila siku. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, mafundi, madaktari na watunga sheria wa jiji hili. Mtaletewa vitu vipya vingi, vizuri kwa sura na vyepesi kwa bei, na mtaambiwa kuwa hapana ushahidi wa madhara yake. Ulizeni nani alitafuta ushahidi huo, alitafuta wapi, na kwa nini bidhaa imepewa jina lisiloeleza kilichomo. Ulizeni pia kitu hicho, kikishatoka katika bomba, huenda wapi. Maswali hayo yaliulizwa na Alice Hamilton mwaka wa 1925, hayakusikilizwa, na watoto wa vizazi vitatu walilipa. Mkiyauliza kwa wakati na mkashikilia kujibiwa, watakaozaliwa baada yenu katika nyanda hizi watavuta hewa nyepesi iliyo safi, kwa kukimbia na kwa kusoma.